Vidole Vinapokataa Kukunja Alfajiri

Mgonjwa kutoka Molo, Njoro au Mau Narok akija kwetu Nakuru akilalamika vidole, mimi huanza na swali moja: alfajiri ukiketi kukama ng'ombe, mkono unashika chuchu papo hapo, au unausubiri? Vidole vikikaza dakika 10 kisha vikalegea, huenda ni uchovu wa kazi au viungo vilivyochakaa kwa umri. Vikikakamaa nusu saa, saa nzima au zaidi, hadi jirani aitwe kumalizia kukama, hapo nashuku baridi yabisi.

Wengi huilaumu baridi ya Molo au maji ya kufulia. Sivyo. Huu ni ugonjwa wa kinga ya mwili, ambayo hugeuka na kushambulia utando ulioko ndani ya viungo. Utando huvimba, hunenepa, kisha huanza kula gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, na mfupa wenyewe. Huwapata wanawake mara 2 hadi 3 zaidi kuliko wanaume, mara nyingi wakiwa na miaka 30 hadi 60, yaani wakati nyumba nzima inategemea mikono yao. Sigara huongeza hatari.

Kunja ngumi penye mwanga uitazame. Kati ya vifundo vikubwa, pale vidole vinapoungana na kiganja, kuna mabonde yanayoonekana wazi. Uvimbe ukianza, mabonde hayo hujaa. Sasa bonyeza juu ya kifundo: mfupa ni mgumu, lakini utando uliovimba hubonyea kidogo. Kisha mwombe mtu akushike mkono kama anayekusalimu, abane polepole vifundo hivyo vinne kutoka pembeni. Ukiuma kiasi cha kutaka kuuchomoa mkono, usipuuze. Kagua pia vifundo vya katikati ya vidole na kifundo cha mkono, pande zote mbili, kwa kuwa ugonjwa huu hupenda kushika mikono yote miwili. Vifundo vya karibu na kucha kwa kawaida huachwa; vinundu vigumu hapo, hasa kwa wazee, mara nyingi ni uchakavu. Wala usisubiri wekundu: mara nyingi haupo, na kwenye ngozi nyeusi hauonekani kwa urahisi.

Uvimbe wa namna hii ukidumu wiki 6, nenda hospitalini. Afadhali hata kabla. Dawa zikianza ndani ya miezi 3 ya kwanza, nafasi ya kuutuliza ugonjwa huwa kubwa zaidi, na mfupa ukishaliwa haurudi.

Kinachoniumiza ni jinsi miezi hiyo inavyopotea. Mtu hununua diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kwenye kemisti, au anadungwa sindano ya steroidi, maumivu yanapungua, naye anaamini amepona huku kiungo kikiendelea kuliwa. Mwingine anapimwa haraka na kuanzishiwa dawa za bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, dozi baada ya dozi. Ni kweli bruselosi ipo kwa wafugaji, lakini huja na homa na jasho, na hushika zaidi mgongo, nyonga na viungo vikubwa. Mwingine huambiwa ana asidi ya yuriki nyingi na kukatazwa nyama, ilhali jongo, ugonjwa unaoletwa na asidi hiyo, kwa kawaida huanza ghafla, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu.

Vipimo navyo vina mipaka yake. Kile cha damu kiitwacho RF hukosa kuwagundua wagonjwa 20 hadi 30 katika kila 100, na kinaweza kuonyesha ndiyo kwa mtu mwenye kifua kikuu au homa ya ini. Kingine cha damu, anti-CCP, kinaaminika zaidi kikisema ndiyo, ingawa nacho hukosa baadhi. Eksirei ya mwanzoni huwa safi mara nyingi. Ultrasaundi, ile ile tunayoizoea kwa wajawazito lakini yenye kichunguzi cha viungo, huweza kuonyesha utando ulionenepa na damu inayokimbia ndani yake kabla mfupa haujaguswa. Kwa hiyo jibu la maabara likiwa "hakuna" na vidole bado vimevimba, rudi kwa daktari.

Madaktari bingwa wa viungo ni wachache nchini, na wengi wako Nairobi. Hata hivyo, daktari wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya rufaa ya kaunti anaweza kuanza tiba. Dawa kuu ni methotreksati, na hapa nasisitiza: humezwa mara moja kwa wiki, siku ile ile. Kuimeza kila siku kunaweza kuua. Huambatana na asidi foliki na vipimo vya damu na ini, na mwanamke mjamzito au anayetarajia kushika mimba amweleze daktari kabla ya kuigusa.

Ukienda kliniki, andika tarehe uvimbe ulipoanza na dakika ambazo mikono hukakamaa asubuhi. Ipige mikono picha kwa simu mara tu unapoamka, kwa sababu ukifika kwenye foleni saa sita mchana uvimbe unaweza kuwa umepungua, na daktari anahitaji kuuona.