Mtoto anayepiga mayowe usingizini si lazima awe amechezewa na wachawi

Kuanzia Chamwino hadi Kondoa, mkoani Dodoma, wengi tumekua tukisikia kwamba mtoto anayekurupuka usiku akipiga mayowe, macho wazi lakini hakutambui, amechezewa. Hofu hiyo inaeleweka. Anayeteseka zaidi ni mzazi, maana mtoto asubuhi hakumbuki kitu.

Kinachojulikana ni kwamba ubongo hukwama kati ya usingizi mzito na kuamka. Homa, uchovu na wasiwasi huchochea hali hiyo, nayo hujirudia ndani ya familia. Pengine ndiyo maana watu husema ni mkosi wa ukoo.

Unaweza kuchunguza mwenyewe kwa daftari: andika saa aliyolala, saa aliyoshtuka, na siku yake ilivyokuwa. Ndoto mbaya huja zaidi kuelekea alfajiri na mtoto huisimulia. Mayowe haya huja mapema: akilala saa mbili, mara nyingi ni kati ya saa tatu na saa tano.

Usimtikise. Sogeza kibatari mbali naye, kaa karibu, baada ya dakika chache hali itapita. Ila akikakamaa, mwili ukirukaruka, au ana homa kali, mpeleke kituo cha afya usiku huohuo. Huenda ni degedege au malaria.