Kutoa thamostati hakutibu gari linalochemsha

Gari dogo likichemsha kwenye mlima wa Bugando, Mwanza, mafundi wengi wana jibu moja: "Toa thamostati, hiyo ni ya nchi za baridi."

Si kweli. Thamostati huzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi. Nyingi za Toyota hufunguka karibu na nyuzi 82, na hakuna jua la Mwanza linalofika huko. Ukiitoa, injini hukaa baridi muda mrefu, kompyuta inaongeza petroli, na ile isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda kisha inashukia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ringi za pistoni zinalika. Gari ambalo lingefika kilomita 300,000 linaanza kula oili mapema, na kosa hili linaua injini nzuri bure kabisa.

Tafuteni chanzo: rejeta iliyoziba kutu kwa maji ya bomba au ya ziwa, feni isiyowaka, pampu inayovuja. Mfuniko wa rejeta nao unadharauliwa mno. Kwa mwinuko wetu, mita 1,140 hivi, maji ya wazi huchemka kwa nyuzi 96. Mfuniko wenye alama ya presha 1.1 ukishika vizuri, hayachemki mpaka yapite 115.

Thamostati hupimwa kwa sufuria ya maji ya moto na kipimajoto. Isipofunguka kama milimita 8 kwa nyuzi 95, nunua yenye namba ileile, ifunge kitundu cha hewa kikiwa juu, kisha jaza kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) iliyochanganywa kiwandani, injini ikiwa imepoa.