Je, wajua kwa nini wakala wa kweli hamdai mwanamitindo ada?

Jirani yangu hapa Barani, Malindi, alikuja kwangu asubuhi moja na kitambaa mkononi. Akakifungua, zikawamo bangili mbili za dhahabu, za mahari yake. Alikuwa njiani kwenda kwa sonara.

Binti yake ana miaka 17, mrefu, shingo ndefu, mwendo wa taratibu. Alikuwa amekwenda kwenye usaili katika ukumbi wa hoteli moja, akabandikwa namba 47 kifuani, akatembea kutoka mlangoni hadi meza ya majaji na kurudi. Hata dakika haikutimia. Jioni ile simu ikapigwa: amechaguliwa kwenda kongamano kubwa la wanamitindo ng'ambo, na mawakala wa Milan na New York watakuwepo. "Shangazi, wamesema nina uso wa Milan," aliniambia, hajiwezi kwa furaha. Siku ya pili ikaja karatasi ya malipo: kujiandikisha, mafunzo ya kutembea, picha, hoteli, nauli yake na ya mzazi. Jumla yake ilikuwa maelfu ya dola.

Nilimwomba mamake aketi kwanza, nikamweleza kazi hii inavyolipa.

Wakala wa wanamitindo ni dalali. Duka la nguo, jarida au kampuni ya vipodozi ikitaka sura, humwendea yeye. Kazi ikishalipwa, wakala hukata kamisheni, kwa kawaida asilimia 10 hadi 20 ya malipo ya mwanamitindo, na mara nyingi humtoza mteja ada nyingine juu yake. Tuseme kazi ni ya Sh100,000 na kamisheni ni asilimia 20: wakala anapata Sh20,000. Msichana asipopata kazi, wakala hapati hata senti. Kwa hiyo huchagua wachache, na humkataa mapema yule asiyemwona akiuzika. Akimwamini mtu kwelikweli, yeye ndiye hutanguliza nauli na pango la huko Paris au Milan, kisha hujilipa kutoka kwenye kazi za mbele. (Deni hilo nalo lina machungu yake, wapo wanamitindo waliofanya kazi msimu mzima na kurudi nyumbani wakidaiwa.)

Kwenye kongamano la kulipia, fedha hutoka upande mwingine kabisa. Anayelipa ni mzazi, na analipa kabla binti hajapanda jukwaani. Apate mkataba au arudi mikono mitupu, mwandaaji ameshavuna. Faida yake iko kwenye wingi wa washiriki, basi ana sababu gani ya kumwambia msichana kwamba kimo chake hakitoshi kwa maonyesho ya mavazi, ambako wanawake kwa kawaida hutakiwa kuwa na sentimita 175 hivi kwenda juu? Atamwambia ana uso wa Milan. Na huko ukumbini, wakala akimwita mshiriki arudi wazungumze, familia hushangilia kana kwamba mkataba umetiwa saini. Kuitwa tena ni mazungumzo tu. Wakala mmoja anaweza kuita makumi ya vijana siku hiyo na asichukue hata mmoja.

Sisemi makongamano yote ni utapeli. Mengine huleta mawakala wa kweli, na enzi za kabla ya intaneti msichana wa mji mdogo alikuwa na njia chache za kuonekana nao. Kongamano la IMTA la Marekani limewapitisha Katie Holmes na Ashton Kutcher, na majina kama hayo ndiyo huwekwa mbele ya wazazi. Lakini hao wawili walipata umaarufu kwa uigizaji. Na waliolipa wakarudi walikotoka, nani amewahi kuwaweka kwenye bango?

Hapa Malindi kila mtu anamjua Naomi Campbell, mwanamitindo maarufu wa Uingereza, ambaye huja mara kwa mara kupumzika na mwaka 2021 alitangazwa balozi wa utalii wa Kenya. Yeye alionwa mtaani Covent Garden, London, akiwa na miaka 15. Iman, mwanamitindo maarufu Msomali, alionwa Nairobi mwaka 1975, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Bahati ya namna hiyo haipangwi, najua, ila hakuna kati yao aliyeanza kwa kununua nafasi.

Serikali nazo zimeona madhara. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2009 kuwakataza wanaoahidi kuwatafutia watu kazi za usanii kuwadai ada ya kutangulia. New York nayo ina sheria iliyotiwa saini Desemba 2024: kamisheni isizidi asilimia 20, na kampuni inayomsimamia mwanamitindo isimtoze ada ya kusaini mkataba.

Mamake akauliza, "Sasa mtoto afanye nini, aache?" Asiache. Kampuni nyingi kubwa za wanamitindo hupokea picha kupitia tovuti zao bila malipo, na hazitaki picha za studio. Zinataka uso mtupu, nywele zimefungwa nyuma, nguo nyepesi isiyoficha umbo, mwanga wa mchana.

Kesho yake tulimsimamisha kwenye ukuta mweupe wa uani saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Picha ya mbele, ya ubavu, ya mwili mzima, na moja akicheka kwa sababu kuku alipita miguuni. Tukampima kimo kwa futi ya fundi cherehani: sentimita 176. Tukaandika na umri wake, na simu ya mamake badala ya yake, maana bado ni mtoto. Bando la siku moja lilitosha kuzituma zote.