Umati wa Ijumaa Kuu: chuki dhidi ya Wayahudi ilivyoota mizizi kanisani

Nikiwa na miaka tisa nilikuwa mmoja wa umati. Kila Ijumaa Kuu parokia yetu iliigiza Njia ya Msalaba, saa nane mchana, jua kali. Sisi watoto tulipangwa nyuma ya kamba ya katani tukaambiwa kwamba Pilato akiuliza, tupige kelele "Msulubishe!" mpaka sauti zikauke. Mkatekista alitufunga vilemba vya kanga kuukuu akatupa na jina: ninyi ndio Wayahudi. Kijana aliyeigiza Yesu hakupewa jina hilo, wala dada wa kwaya aliyeigiza Mama Maria. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba Wayahudi ni watu fulani waliomuua Yesu, na Yesu mwenyewe ni mtu wa kabila lingine kabisa, labda mzungu kama yule wa kwenye picha ya sakristia.

Sasa nafundisha historia ya Kanisa katika chuo cha theolojia kinachopokea Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana na Wapentekoste. Kila mwaka nawauliza wanafunzi wapya: Petro alipokwenda kusali siku ya Sabato, alikwenda wapi? Darasa hunyamaza. Wanajua habari za Petro kwa kichwa, ila hawajawahi kumwona akiingia sinagogi. Ninaandika makala haya kwa sababu ya ukimya huo. Chuki dhidi ya Wayahudi, ambayo katika karne ya 20 iliua watu milioni sita, ililelewa kwa muda mrefu sana na watu waliosoma Biblia ile ile tunayoisoma sisi, na waliisoma vibaya mahali tunapoweza kupaonyesha kwa kidole.

Mahali pa kwanza ni Mathayo 27:25: "Damu yake na iwe juu yetu, na juu ya watoto wetu." Waliosema hayo, kwa mujibu wa Mathayo, ni watu waliokusanyika asubuhi moja mbele ya liwali wa Kirumi. Wayahudi wengi wa wakati huo hawakuwa Yerusalemu hata siku hiyo. Waliishi Aleksandria, Roma, Antiokia na Babeli, na hawakuwa wamesikia habari za Yesu wa Nazareti. Tena msalaba ulikuwa adhabu ya Kirumi, na amri ilitoka kwa Mrumi. Hebu tuisome pole pole Imani ya Mitume tunayoikiri kila Jumapili. Mbali na Yesu, inawataja watu wawili tu kwa majina: Bikira Maria na Pontio Pilato. Myahudi ndiye aliyemzaa, na ni chini ya Mrumi alikoteswa.

Mahali pa pili ni Injili ya Yohana, ambako neno "Wayahudi" limeandikwa mara kama sabini, mara nyingi kwa ukali. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa hivyo laweza kumaanisha watu wa Yudea, na mara nyingine Yohana anawakusudia wakuu wa Hekalu peke yao. Akisema katika sura ya 7 kwamba watu hawakumtaja Yesu waziwazi "kwa hofu ya Wayahudi", hao watu wenye hofu nao ni Wayahudi. Ni kama mtu wa Moshi aseme "Wachaga wamenidhulumu shamba" naye ni Mchaga, akiwa na maana ya wazee wa ukoo wake. Wanaomsikia pale nyumbani wanaelewa. Maneno hayo yakiandikwa na kusomwa miaka mia baadaye katika nchi ya mbali, msomaji ataona kabila zima ni wezi.

Ndivyo ilivyokuwa. Hekalu lilipoteketezwa na majeshi ya Tito mwaka 70, Wayahudi waliomwamini Yesu na Wayahudi wasiomwamini waligombana kuhusu nani ameshika urithi wa Ibrahimu, na maneno makali yakatoka pande zote mbili, kama ndugu wanavyogombania kiwanja cha marehemu baba. Kisha Kanisa likajaa watu wa mataifa mengine. Hawa, wasiokuwa wanafamilia, waliokota maneno ya ugomvi wa kifamilia na kuyageuza hukumu ya taifa zima. Paulo alikuwa ameliona hilo mapema. Aliwaandikia Warumi, sura ya 11, kwamba Mungu hakuwasukumia mbali watu wake, "Hasha!", na akawaonya matawi yaliyopandikizwa wasijisifu juu ya yale mengine, kwa kuwa shina ndilo linalowachukua wao. Waliosikiliza onyo hilo walikuwa wachache.

Yohane Krisostomo, mhubiri hodari kuliko wote wa zama zake, alitoa mfululizo wa mahubiri Antiokia mwaka 386 na 387. Aliliita sinagogi danguro na makao ya mashetani. Nimeyasoma mahubiri hayo mara nyingi na kila mara nahuzunika, kwa kuwa nampenda Krisostomo anapotetea maskini. Lakini tazama kilichomkasirisha: Wakristo wake walikuwa wakienda sinagogi siku za sikukuu, wakifunga pamoja na Wayahudi, wakila viapo vyao huko kwa sababu waliona ni mahali pa kuheshimika. Yaani waumini wa kawaida walikuwa majirani wema, na chuki ilitoka mimbarini kwenda chini kwao.

Mamlaka ya dola yalipoungana na Kanisa, maneno yakapata mikono. Mwaka 388 Wakristo walichoma sinagogi huko Callinicum, kando ya mto Frati. Kaisari Theodosio aliagiza askofu wa pale alijenge upya. Ambrosi, askofu wa Milano, akamkabili kaisari mpaka amri ikafutwa. Agostino, aliyebatizwa na Ambrosi huyo huyo, alifundisha kwamba Wayahudi wasiuawe, waachwe waishi wakiwa wametawanyika na wametiishwa, ili wawe mashahidi wa Maandiko. Fundisho lake liliokoa maisha mengi. Pia lilihalalisha udhalilishaji kwa karne nyingi, na mtu aliyezoea kuona jirani yake akidhalilishwa kwa idhini ya Mungu hana safari ndefu ya kufika kwenye mauaji.

Mwaka 1096, waliokuwa wakienda kwenye Vita vya Msalaba walianza kuua Wayahudi njiani, Worms na Mainz, kabla hata ya kutoka Ujerumani. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliagiza Wayahudi wavae mavazi ya kuwatofautisha. Uingereza iliwafukuza mwaka 1290, Hispania mwaka 1492. Katikati ya hayo kuna mambo mawili yanayostahili kutazamwa kwa karibu, maana bado yanasemwa mpaka leo.

La kwanza ni pesa. Kanisa lilikataza Wakristo kutoza riba. Vyama vya mafundi viliwafungia Wayahudi mlango, na sehemu nyingi hawakuruhusiwa kumiliki ardhi. Biashara ya kukopesha ilibaki kuwa mojawapo ya riziki chache walizoachiwa, na wafalme waliipenda kwa kuwa waliwatoza kodi kubwa juu yake. Mkulima aliyekuwa na deni alimwona mkopeshaji Myahudi na hakumwona mfalme nyuma yake. Machi 1190, katika mji wa York, Wayahudi wapatao 150 walikimbilia mnara wa ngome wakiwa wamezingirwa na umati. Wengi walijiua kuliko kuangukia mikononi mwao. Waliotoka kwa ahadi ya kubatizwa waliuawa. Kisha wauaji wakaenda moja kwa moja hadi kanisa kuu la mji, mahali hati za mikopo zilipohifadhiwa, wakazichoma sakafuni. Baadhi ya viongozi wao walikuwa na madeni makubwa katika makaratasi hayo.

La pili ni damu. Mwaka 1144, karibu na Norwich, mwili wa mvulana aitwaye William ulikutwa msituni. Miaka michache baadaye mtawa mmoja akaandika kwamba Wayahudi ndio waliomuua kwa ibada. Uvumi ukasambaa Ulaya, ukaongezewa chumvi kwamba wanatia damu ya watoto wa Kikristo katika mikate ya Pasaka, watu ambao Torati yao inawakataza hata damu ya kuku. Aliyekulia Mombasa, Dar es Salaam au Nairobi anaujua uvumi wa aina hiyo: alisimuliwa habari za mumiani na gari la kunyonya damu usiku, na anajua jinsi mtoto akipotea mtaani hofu inavyotafuta wa kubebeshwa mzigo. Papa Inosenti IV aliukana uzushi huo kwa maandishi mwaka 1247. Papa Klementi VI alifanya vivyo hivyo mwaka 1348 wakati wa tauni, akieleza kwamba Wayahudi nao wanakufa kwa ugonjwa huo huo, hivyo hawawezi kuwa ndio waliotia sumu visimani. Hata hivyo, tarehe 14 Februari 1349 mamia ya Wayahudi wa Strasbourg walichomwa moto. Kwenye mlango wa kanisa kuu la mji huo, zaidi ya miaka mia moja kabla ya moto huo, walikuwa wamesimamishwa wanawake wawili wa mawe. Mmoja ni Kanisa, ana taji na kikombe. Mwenzake ni Sinagogi: amefungwa kitambaa machoni, mkuki wake umevunjika, mbao za Sheria zinamponyoka mkononi. Watoto waliozaliwa Strasbourg walipita chini ya wanawake hao kila Jumapili.

Kwa ndugu zangu Walutheri neno lifuatalo ni gumu, nami nalisema kwa heshima. Mwaka 1523 Martin Luther aliandika kwa upole kuhusu Wayahudi, akitumaini wataipokea Injili. Hawakuipokea kama alivyotazamia. Mwaka 1543, miaka mitatu kabla ya kufa, aliandika kitabu akishauri masinagogi yachomwe, nyumba zao zibomolewe, vitabu vyao vya sala vichukuliwe, marabi wakatazwe kufundisha. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938 mamia ya masinagogi ya Ujerumani yaliteketezwa, na askofu mmoja wa Kilutheri wa Thuringia, Martin Sasse, akachapisha maneno hayo ya Luther akishangilia kwamba moto umewaka siku ya kuzaliwa kwa Luther. Mwaka 1984 mkutano mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ambalo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ni mwanachama wake, ulipokea tamko linaloyakataa maandiko hayo ya Luther waziwazi. Ningependa tamko hilo lisomwe katika kila chuo cha Biblia kilicho na jina lake ukutani.

Wapo wanaoniambia kwamba Wanazi wa Hitler hawakuwa Wakristo, na chuki yao ilikuwa ya damu na mbari. Ni kweli kwamba neno "antisemiti", yaani adui wa Wayahudi, lilienezwa Ujerumani mwaka 1879 na Wilhelm Marr, aliyetaka chuki isiyojali tena dini, ambayo hata ubatizo hauiponyi. Lakini swali langu ni hili: Wanazi walijuaje nani bibi yake alikuwa Myahudi? Tangu mwaka 1933 mtumishi wa serikali alitakiwa kuthibitisha ukoo wake, na uthibitisho ulikaa katika vitabu vya ubatizo vya parokia. Watu walipanga foleni kwenye ofisi za makanisa. Karani akafungua kitabu, akapitisha kidole kwenye majina, akanakili, akapiga muhuri. Kila msomaji aliyewahi kufuata cheti cha ubatizo anaiona ofisi hiyo, meza yake na kidau chake cha wino. Wengi wa makarani na wachungaji hao hawakumchukia mtu yeyote. Walikuwa wamefundishwa tangu utotoni kwamba yanayowapata Wayahudi yana sababu yake.

Aliyelipa fundisho hilo jina lake ni mwanahistoria Mfaransa, Jules Isaac. Alikuwa mwandishi wa vitabu vya kiada vya shule za Ufaransa, na mwaka 1940 alifukuzwa kazi kwa kuwa Myahudi. Mwaka 1943 mke wake na binti yake walikamatwa na kupelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz, hawakurudi. Akiwa mafichoni alizisoma Injili kwa Kigiriki, akilinganisha mstari kwa mstari kile zinachosema na kile mahubiri yalichokuwa yakisema. Aliyaita mahubiri hayo mafundisho ya dharau. Tarehe 13 Juni 1960, akiwa mzee wa miaka 82, alikutana na Papa Yohane XXIII, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameliondoa neno la kuwadharau Wayahudi katika sala ya Ijumaa Kuu. Mazungumzo yale yalifungua njia ya tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la tarehe 28 Oktoba 1965, lililopita kwa kura 2,221 dhidi ya 88. Kardinali Laurean Rugambwa wa Bukoba alikuwa miongoni mwa mababa wa Mtaguso huo. Tamko linasema mateso ya Yesu hayawezi kuwekwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule bila ubaguzi, wala juu ya Wayahudi wa leo.

Miaka sitini imepita na bado nasikia mahubiri ya zamani kwenye spika za sokoni. Kwenye makundi ya WhatsApp zinarushwa sauti zinazodai Wayahudi wana mpango wa siri wa kuitawala dunia. Chanzo chake ni waraka wa kughushi uliochapishwa Urusi mwaka 1903, ambao gazeti la The Times la London liliufichua mwaka 1921. Upande mwingine wapo wanaowapenda Wayahudi kama saa ya ukutani, ya kuhesabia siku za mwisho, na upendo huo pia hauwaoni kama watu. Kuikosoa serikali ya Israeli ni haki ya yeyote, na Waisraeli wenyewe wanaikosoa kila siku. Kumdai Myahudi wa Nairobi au wa Mbale ajibu kwa ajili yake ni jambo lingine. Wale wa Mbale, Abayudaya wa Uganda, ni watu waliomfuata kiongozi wao Semei Kakungulu katika dini ya Kiyahudi tangu 1919 na ambao Idi Amin aliwapiga marufuku kusali. Ni majirani wanaolima kahawa.

Mwaka huu, kwenye semina ya makatekista, tulijadili maigizo ya Ijumaa Kuu kwa saa nzima. Mama mmoja aliyefundisha katekisimu miaka thelathini alishauri tusiyafute, ila kabla ya kuanza msomaji asimame atangaze wahusika. Tukaandika tangazo pale pale ubaoni: Yesu, Myahudi. Maria mama yake, Myahudi. Petro aliyemkana, Myahudi. Wanawake wa Yerusalemu waliomlilia njiani, Wayahudi. Yusufu wa Arimathaya aliyeomba mwili, Myahudi. Pilato, Mrumi. Wenye nyundo na misumari, askari wa Pilato. Na vile vilemba vya kanga, mama yule akasema, wavae wote, kuanzia Yesu.