Redio ya Gari Ikipiga Mluzi, Usikimbilie Kununua Spika

"Spika zimekufa, weka nyingine." Wenye magari hapa Dodoma huambiwa hivyo mapema mno, na inaniuma kwa sababu hela inatoka na kelele inabaki. Mluzi unaopanda kila ukikanyaga mafuta hautoki kwenye spika. Chanzo chake ni altaneta, kile kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka, na mara nyingi huingia kwenye sauti kupitia eathi mbovu, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari.

Pima kwanza, haigharimu kitu. Zima redio na ampu (kikuza sauti), chomoa kwenye ampu waya za RCA, zile zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, kisha washa injini na mfumo tena. Mluzi ukikata, tafuta kwenye redio au kwenye waya hizo. Usipokata, fuata waya mweusi wa ampu, ndio eathi yake, mpaka ulipofungwa. Mara nyingi utaukuta umebanwa na boliti juu ya rangi ya bodi, na rangi haipitishi umeme. Fungua, piga msasa mpaka bati ling'ae, rudisha, kaza sawasawa, halafu paka grisi juu kuzuia kutu. Waya wenyewe uwe mfupi, usizidi nusu mita, na unene wake ulingane na ule mwekundu unaotoka kwenye betri.

Wengine huamini filta, kifaa cha kuchuja kelele, inamaliza kila kitu. Inaweza kuipunguza, lakini waya za RCA zikilazwa pamoja na waya wa betri zitaendelea kuiokota. Zipitishe upande wa pili wa gari. Na geni ya ampu, kile kirekebishi cha kuilinganisha na redio, si ya kuongezea sauti: ukiipandisha, kelele nayo inapanda.

"Redio haishiki stesheni, antena mbovu." Hapa ndipo watu wanapoumizwa zaidi. Magari yetu mengi yametoka Japani, na redio zake nyingi zinasoma FM kuanzia megahezi 76 hadi 90 tu. Sisi tunatumia 87.5 hadi 108. Hata ukibadilisha antena mara ngapi, redio hiyo haitafika 100. Inahitaji ekspanda, kifaa kinachoshusha masafa ya stesheni, au redio nyingine. Ekspanda ya kushusha 12 itakuonyesha stesheni ya 100 kwenye 88, na bado haitaingiza bendi yetu yote, maana ni pana kuliko ile ya redio.

Umefunga redio mpya na sasa inakwaruza hata mjini? Antena nyingi za kwenye kioo au paa zina kikuza mawimbi kinachohitaji volti 12, na waya wake husahaulika wakati wa kufunga.

Ukiwa njiani kupita Bahi na Kintinku, kisha unapanda ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Manyoni, stesheni ya Dodoma mjini ikififia usimlaumu fundi. FM husafiri kwa kunyooka, na mlima huikinga.

Mwisho, chomoa chaja ya simu na usikilize. Chaja za bei rahisi huchafua FM vibaya sana, na taa za LED pia. Ikitulia hapo, redio yako ni nzima.