Maswali na majibu: bafu la mtu mwenye shida ya kutembea katika nyumba za Nyanda za Juu Kusini

Majibu haya ni kwa familia za Mbeya, Iringa, Njombe na maeneo jirani zinazoishi na mzee aliyeishiwa nguvu za miguu, mgonjwa aliyepata kiharusi, mtu aliyevunjika nyonga au mwenye ulemavu wa miguu, na ambazo zinajiuliza zijenge au zirekebishe bafu la namna gani.

Swali: Kaka yetu anayeishi Dar es Salaam anataka kumnunulia mama sinki kubwa la kuogea, lile ambalo mtu hujilaza ndani yake. Je, linamfaa?

Mara nyingi halimfai, ingawa nia ni njema. Ukingo wa sinki la namna hiyo hufikia karibu nusu mita, na ili kuuvuka mtu hulazimika kusimama kwa mguu mmoja huku akiunyanyua mwingine, jambo ambalo ndilo hasa linalomshinda mtu mwenye goti bovu au upande mmoja uliopooza. Kutoka ni kugumu zaidi, kwa sababu anajinyanyua kutoka chini akiwa ameloa na ana sabuni mwilini. Yapo masinki yenye mlango ubavuni, yaliyobuniwa kwa ajili ya wasioweza kuvuka ukingo, lakini mlango huo haufunguki maji yakiwa ndani. Kwa hiyo muogaji huingia kwanza, akakaa akisubiri maji yajae, na akimaliza husubiri yatoke yote ndipo afungue. Mwezi wa Julai, Makete au Njombe, kusubiri huko ukiwa uchi na umeloa si jambo dogo. Tena sinki hilo hutumia maji mara kadhaa ya yale ya ndoo ya lita 20, ndoo ambayo kwa kawaida inamtosha mtu mmoja kuoga vizuri.

Swali: Basi tuchague bafu la aina gani?

Mwangalieni mhusika kabla ya kuangalia vifaa. Je, anaweza kusimama bila kushikwa? Anaweza kukaa bila kuegemea? Mkono wenye nguvu ni upi? Anatembea kwa mkongojo au anatumia kiti mwendo? Kwa walio wengi, bafu linalofaa ni sakafu iliyo sawa, isiyo na kizingiti, yenye mteremko mdogo wa kupeleka maji kwenye tundu, kiti imara cha kuogea, na kitu cha kushika kilichowekwa upande wa mkono wenye nguvu. Bomba la mvua lenye mpira unaoshikwa mkononi ni nyongeza nzuri pale maji yanapotoka kwa uhakika, lakini ndoo na kopo vinatosha kabisa.

Ndoo yenyewe isikae sakafuni. Mtazame mzee anayeoga kwa ndoo iliyo chini: kila kopo moja humwinamisha hadi kichwa kikaribie magoti, kisha hujiinua akimwaga maji mabegani, na hurudia hivyo mara thelathini au zaidi. Kizunguzungu humpata katika kule kuinuka, hasa kama anatumia dawa za shinikizo la damu. Ndoo ikiwekwa juu ya kigoda kando ya mkono wake wenye nguvu, ikalingana na paja lake akiwa amekaa, kuinama huko kunakwisha.

Swali: Je, kiti cha plastiki cha kawaida kinatosha?

Kinatumika sana, lakini kina kasoro mbili. Miguu yake huteleza na kutanuka kwenye sakafu yenye maji, na plastiki iliyokaa juani muda mrefu hukauka ikapasuka ghafla. Kigoda au kiti cha mbao kilichotengenezwa na seremala kwa kipimo cha mhusika ni bora zaidi, na katika mikoa yenye misitu kama ya Mafinga mbao si tatizo. Muhimu ziwe zimetiwa dawa au kupakwa rangi ya mafuta ili zisioze, na miguuni pafungwe vipande vya mpira wa tairi. Kimo kipimwe kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, ambacho kwa watu wazima wengi ni takriban sentimita 38 hadi 48. Akikaa, nyayo zote mbili zilale sakafuni. Kiti kikiwa kifupi kuliko hapo, kuinuka kunakuwa kazi.

Mtu asiye na hisia miguuni au makalioni, kama aliyeumia uti wa mgongo, asikalie mbao tupu. Awekewe sifongo iliyofunikwa kwa kitu kisichopitisha maji, na ngozi yake ikaguliwe kila anapooga, kwa kuwa hatasikia maumivu pale kidonda cha mgandamizo kinapoanza.

Swali: Fundi anasema atapiga niru sakafu ing'ae. Tumruhusu?

Msimruhusu. Mafundi wetu huona fahari katika sakafu inayong'aa, na sebuleni hakuna ubaya, lakini bafuni niru ikikutana na sabuni huteleza kama ukingo wa mto. Mwambieni aiache saruji na ukwaru, au aipitishie ufagio kabla haijakauka ili ibaki na mistari midogo. Anayetaka marumaru achague zile zenye ukwaru.

Swali: Vyuma vya kushikilia viwekwe wapi, na vya namna gani?

Bomba la chuma la inchi moja, lile la maji, lina unene wa nje wa takriban milimita 33, nao unajaa mkononi vizuri. Bomba la kulala liwe usawa wa sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni, na kati yake na ukuta ibaki nafasi ya sentimita 4, ili vidole vipite lakini mkono mzima usinase. La kusimama liwekwe karibu na kiti kwa ajili ya kujivutia wakati wa kuinuka.

Hatari kubwa iko kwenye ukuta. Tofali mbichi, na hata za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, haziwezi kuzuia uzito wa mtu anayeanguka. Skrubu hung'oka pamoja na plasta, na mtu huanguka akiwa ameshika chuma mkononi. Katika nyumba kama hiyo chimbieni nguzo za chuma sakafuni na kuzimwagia zege, au pitisheni bolti hadi upande wa pili wa ukuta zishikwe na bamba. Kabla mgonjwa hajatumia, mtu mzima mwenye afya ajining'inize hapo kwa uzito wake wote. Chuma cha kutundikia taulo na ndoano za nguo visiwekwe karibu, maana mtu anayeanguka hushika chochote.

Swali: Mlango je?

Ufunguke kwa nje. Mtu akianguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, mwili wake huuzuia. Kwa kiti mwendo, upana usipungue sentimita 80, na penye ngazi pawekwe mteremko wa sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo.

Swali: Tunawezaje kumwogesha bila kumtesa kwa baridi, na bila kumuunguza?

Hapa ndipo makosa mabaya zaidi hutokea. Asubuhi za Juni na Julai familia nyingi huingiza jiko la mkaa bafuni ili kupasha joto, na bafu dogo lililofungwa hujaa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Huua, na anayeweza kutembea hutoka nje akihisi kichwa kinamuuma wakati asiyeweza hubaki humo. Jiko lisiingie bafuni wala chumbani, hata likiwa limekolea na halitoi moshi. Mwogesheni mchana jua likiwa limepanda, zibeni upepo, na taulo, khanga na sweta viwe tayari kabla ya kopo la kwanza. Si lazima avue nguo zote kwa pamoja. Osheni na kukausha sehemu moja, kisha ifunikeni. Hilo linamlinda na baridi na pia linamhifadhia stara.

Kuhusu maji, Mbeya iko juu kiasi kwamba maji huchemka takriban nyuzi 94 badala ya 100, lakini yanaunguza vilevile: maji ya nyuzi 60 yanatosha kuiunguza ngozi vibaya ndani ya sekunde chache, na ngozi ya mzee ni nyembamba. Tangulizeni maji ya baridi kwenye ndoo, ndipo muongeze ya moto. Ikiwa ya bomba yana nyuzi 15 hivi, lita 14 za baridi kwa lita 6 zilizotoka kuchemka hutoa maji ya kuoga yenye karibu nyuzi 39. Pimeni kwa kiwiko cha anayemwogesha. Mwenye kisukari kilichoharibu hisia, au aliyepooza, asiyapime kwa mguu au mkono ulioathirika, kwa sababu utamdanganya.

Swali: Bafu letu liko nje, na masika njia inajaa tope.

Pale Tukuyu, ambako mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, swali hili huja mara nyingi. Kama hamna uwezo wa kumwaga zege kwenye njia na kuweka bomba la kushika kando yake, ni salama zaidi aogee chumbani, akikaa juu ya kiti ndani ya beseni pana lenye kingo fupi au juu ya turubai lililokunjwa pembeni. Akivuka kizingiti cha kupanda atangulize mguu wenye nguvu. Akishuka, atangulize ule dhaifu. Anayemsaidia asimame upande dhaifu, hatua moja nyuma yake, na amshike kiunoni, kwa kuwa kuvuta mkono uliopooza kunaweza kuteguza bega.