Mnunuzi Hanunui Risiti Zako

Wiki hii mzee mmoja kaniletea tena ile bahasha. Ndani risiti zote: mabati, saruji, nondo, vigae vya sebuleni, mpaka ya fundi rangi. Kajumlisha, kaongeza "ya jasho", na hiyo ndiyo bei ya nyumba yake kijijini huku Tororo, mashariki mwa Uganda. Mimi dalali, bahasha hiyo nimeifungua mara nyingi mno.

Gharama ya kujenga si bei ya kuuzia. Saruji inatengenezwa hapa hapa Tororo, lakini mfuko uleule ukiujenga kando ya lami ya Mbale au kilomita tisa ndani kwenye murram, barabara ya udongo, unazaa nyumba pacha zenye bei mbili mbalimbali kabisa. Mnunuzi akifika vigae havimshughulishi. Mvua ikinyesha, gari linafika? Nguzo ya umeme iko wapi? Maji? Kisha anazunguka nyuma, anaona makaburi mawili chini ya mwembe, ananyamaza. Mzee alijenga vyumba sita ili wajukuu wapate pa kulala Krismasi. Mwalimu wa shule ya msingi anataka vitatu, na vile vingine havilipii. Tena anatoa pesa taslimu. Ardhi nyingi huku ni ya kimila, haina hati, na benki haikopeshi kirahisi juu ya ardhi kama hiyo. Wanunuzi ni wachache, na kila mmoja anahesabu shilingi zake.

Ndiyo maana nawaambia wauzaji, na wananichoka: zichome hizo risiti. Tafuta nyumba tatu zilizouzwa jirani, uulize pesa iliyotolewa, si iliyotajwa. Pigia ardhi hesabu peke yake kwa ekari, halafu ongeza nyumba kwa kadiri mtu wa hapo atakavyoitumia.

Wao wananijibu: "Taja juu, tutashushana." Zamani, labda. Siku hizi mtu anauliza bei kwa simu. Akisikia milioni 90 kwa kitu cha 50, hapandi boda kuja kubishana na wewe. Nyumba ikikaa mwaka mzima bila mteja, kijiji kinaanza kuulizana ina mzimu gani.

"Nina barua ya LC1." Yaani ya baraza la kijiji. Hiyo inasema majirani wanakujua, basi. Cheti cha umiliki wa kimila kimo katika Sheria ya Ardhi ya 1998. Mwenye nacho hapunguziwi bei ovyo.

"Mama watoto tutamwambia baadaye." Hapana! Sheria hiyohiyo inadai idhini ya mwenzi kwa ardhi ambayo familia inaishi na kupata riziki yake; bila idhini, mauzo ni batili. Nimewahi kukaa kwenye mkeka, bei imeshakubaliwa, pesa ziko mezani zinahesabiwa. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza wageni wamefuata nini. Mnunuzi alizirudisha noti kwenye mfuko wa koti bila hata kumaliza kuhesabu.